Kabla hamjauza ng'ombe kufuata CT ya Dar, soma hapa kwanza

Mkuu pole sana na mama. Kama nimekuelewa, mama anatoka Kasulu, ana saratani ya shingo ya kizazi, kapigwa CT (kipimo cha eksirei kinachopiga mwili picha za vipande vipande) ya tumbo na nyonga, ripoti ikaja inasema picha zina mtikisiko, hakuwekewa dawa ya mshipani, ini halikusomeka vizuri, irudiwe. Na sasa familia mnataka kuuza ng'ombe mkafuate mashine kali Dar.

Mimi nafanya kazi chumba cha CT, nilianzia Tabora sasa hivi niko Kigoma, na nikwambie tu mashine inasingiziwa sana. Mashine hiyo hiyo asubuhi inatoa picha safi, mchana inatoa madudu, na hakuna fundi aliyeigusa hapo katikati, kilichobadilika ni mgonjwa alivyoandaliwa.

Tuanze na mtikisiko. CT inapita tumbo lote kwa sekunde chache tu ila sekunde hizo mgonjwa anatakiwa abane pumzi. Sasa hizi mashine zina sauti iliyorekodiwa, nyingi nilizokutana nazo inaongea kiingereza, bibi wa watu kalala peke yake mle ndani sisi tuko nyuma ya kioo, ghafla anasikia mzungu anamsemesha utosini, unategemea nini? Anageuza shingo kumtafuta! Mimi ile sauti naizima naongea mwenyewe kwenye maiki, na kabla sijatoka tunafanya kwanza mazoezi pale pale kitandani, vuta, bana, achia, mpaka nione tumbo limetulia kweli. Kama Kiswahili kinampiga chenga nasema Kiha, Kiha changu wanakicheka ila pumzi wanabana. Kwahiyo ombeni mama afundishwe kabla, na kama hamjui mtamkuta nani siku hiyo mfundisheni nyumbani, haigharimu kitu.

Halafu hiyo dawa ya mshipani, kontrasti. Ina ayodini ndani, ikiingia mtu anasikia joto linashuka kifuani mpaka kwenye nyonga, wengi wanadhani wamejikojolea. Usipomwambia mapema atashtuka, atainuka, na picha imeshaharibika. Mwambieni ni joto tu, linapita haraka. Ila akisikia kuwashwa au koo kubana hapo asivumilie, aseme saa hiyo hiyo, na kama ana pumu au aliwahi kudhurika na dawa hiyo watajieni kabla hajalala kitandani.

Kingine watu hawakiangalii kabisa ni kanula, kile kimrija cha plastiki kinachoachwa mshipani cha kupitishia dawa. Mgonjwa anatoka wodini na kanula ya njano, ile nyembamba, kiganjani, ya juzi, imevimba, halafu pampu yetu inasukuma kama mililita 3 kwa sekunde, haiwezi, mshipa unapasuka dawa inamwagika chini ya ngozi. Nataka ya pinki au ya kijani, hizo ni nene zaidi, hapa kwenye mkunjo wa kiwiko. Waliopigwa kemo (dawa za saratani) mishipa inakuwa migumu, wanywe maji ya kutosha kuanzia jana yake kama daktari hajawakataza, mishipa inajitokeza. Na kwa ini muda ni kila kitu, picha inachukuliwa kama sekunde 70 tangu dawa ianze kuingia, hapo ini limeshang'aa na madoa mengi ya saratani yanabaki meusi unayaona. Bila dawa doa na ini vinaweza kufanana rangi, hata mashine iwe ya jana kutoka kiwandani.

Kwanini hakuwekewa dawa? Hapa ndo ningeanzia kuuliza. Inawezekana hakukuwa na majibu ya kriatinini, kipimo cha damu cha figo. Inawezekana pia yalikuwepo na yako juu, sababu saratani ya shingo ya kizazi ikikua inaweza kubana mirija inayoshusha mkojo, figo zinajaa. Kama ni hivyo basi hata Dar mtaulizwa hilo hilo, na mnaweza kurudishwa bila dawa na ng'ombe ameshaliwa. Kama mama anatumia metformin ya sukari nayo isemwe.

Na kama hela ipo kweli, muulizeni daktari kama anachotaka ni CT au MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku. Kuona saratani imetoka nje ya shingo ya kizazi kiasi gani, MRI inaona vizuri zaidi. CT inasaidia zaidi kwenye ini, mapafu, tezi na figo. Huko naweza kuelewa mtu akisafiri.

Fomu nayo. Zinakuja zimeandikwa "CT tumbo" basi, hakuna saratani gani, hakuna upasuaji, hakuna mionzi wala tarehe. Msomaji wa picha anabaki anakisia, na nyonga iliyopigwa mionzi inabadilika, asiyejua anaweza kudhani ugonjwa umerudi. Mwombeni daktari ajaze.

Shanga za kiuno, hirizi yenye bati, sidiria yenye vyuma, vyote vitoke, chuma kinatupa michirizi kwenye picha. Msione aibu, hirizi tumeziona sana, tunamshikia ndugu anamrudishia akitoka.

La mwisho, dai CD. Ile filamu ina vipicha vichache tu vya kuchagua wakati CT ya tumbo ni mamia ya picha, na kwenye CD daktari anabadilisha mwanga aangalie mfupa, ini, mapafu anavyotaka. Kupiga filamu picha dirishani na kuituma WhatsApp kwa daktari wa hospitali ya Bugando au Ocean Road ni kumtesa tu. Na ile CD ya kwanza, mbovu mbovu hivyo hivyo, msiitupe, iende nayo walinganishe.

Mtafute hayo majibu ya kriatinini kwenye faili lake halafu uyaweke hapa na tarehe yake, usiweke jina la mama. Kama hayapo, kipimo hicho afanyiwe hapo hapo Kasulu kabla hamjakata tiketi yoyote.