Majirani Waswidi na pipi za Jumamosi

Dada, umeuliza kama majirani zako Waswidi hapo Arusha wanawatesa watoto, maana pipi ni Jumamosi tu na kichanga analazwa barazani. Tulia. Ni mazoea ya kwao, wamehama nayo.

Hiyo ya pipi ina historia chungu. Miaka ya 1940, katika hospitali ya Vipeholm mjini Lund, huko Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa tofi za kunata makusudi, ionekane meno yanavyooza. Ridhaa yao hakuna aliyeiomba. Ilipobainika kuwa kumumunya vitamu kutwa nzima ndiko kunakoharibu zaidi, wazazi wakashauriwa wawape watoto pipi siku moja tu kwa wiki. Kwa hiyo ukitaka kumpa mtoto wao peremende Jumanne, mkabidhi mama yake aiweke.

Kulala nje ni kwa ajili ya hewa safi. Kwao hulazwa kwenye kigari hata wakati wa baridi, wamefunikwa vizuri. Hapo Arusha mimi ningeuliza chandarua tu.

Wakikuita kahawa, nenda. Vile vimkate vyao vya kuoka vimetiwa iliki, utavipenda. Ile tyubu kama ya dawa ya meno mezani ni mayai ya samaki yenye chumvi, hukamuliwa juu ya yai la kuchemsha. Mimi ilinishinda.

Na tarehe 13 Desemba asubuhi na mapema, ukiona binti yao kavaa gauni jeupe na taji la mishumaa kichwani, usiite zimamoto: ni sikukuu ya Lucia, na mishumaa yenyewe siku hizi mara nyingi ni ya betri.