Koili kwa kilo, bati kwa mita: ushauri kwa wanaoanza kukunja mabati Dodoma

Tangu Serikali itangaze kuhamia Dodoma mwaka 2016, hakuna upande wa jiji hili usiokuwa na mtu anayepaua. Nkuhungu, Ihumwa, Nala, kote huko mabati mapya yanameta. Viwanda vidogo vya kukunja mabati navyo vimefuata wateja. Kwa kuwa nimefanya kazi kwenye mashine hizi, wanaotaka kuanza huniuliza wanunue mashine gani. Sawa, lakini ningefurahi zaidi wakiniuliza kuhusu mizani na maikromita, kile kifaa cha kupima unene.

Biashara hii ina mtego mmoja. Koili, yaani chuma chembamba kilichoviringishwa kinachoingia mashineni, tunanunua kwa kilo, bati tunauza kwa mita. Kwa hiyo koili ikija nyembamba kuliko ilivyoandikwa, inatoa mita nyingi zaidi na hakuna anayelalamika ndani ya kiwanda. Bosi anacheka, opereta anasifiwa. Anayelia ni mwenye nyumba, tena baadaye, upepo wa Agosti unapoanza kuyapiga mabati yake usiku kucha.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chuma kina uzito wa kilo 7,850 kwa mita moja ya ujazo. Koili yenye upana wa mita 1.22 na unene wa milimita 0.30 itakuwa na kilo 2.9 hivi kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo tani 4 zitakupa takriban mita 1,390. Rangi na mipako ya zinki au aluminiamu ni nyepesi kuliko chuma, hivyo mita zitaongezeka kiasi. Lakini ukifika mita 1,700, usishukuru bahati. Pima tena.

Na hapo kwenye kupima ndipo wengi wanapopotea. Kwanza, geji, ile namba ya kutaja unene wa bati, ni jina la sokoni. Geji 30 ya huyu si lazima iwe geji 30 ya yule, kwa hiyo andikieni milimita kwenye oda na kwenye risiti. Pili, maikromita inasoma kila kitu pamoja: chuma, mipako na rangi ya pande zote mbili. Rangi peke yake inaweza kuchukua milimita 0.03. Tunachofanya ni kupima kipande kikiwa na rangi, kisha tunaiondoa kwa dawa ya kutolea rangi (usikwangue kwa kisu, utakula na mipako) na kupima tena. Pima katikati na pande zote mbili, ila usipime ukingoni kabisa, maana ukingo wa koili mara nyingi huwa mwembamba. Kazi hii apewe mtu ambaye posho yake haitegemei mita zilizotoka siku hiyo. Kwa hili sibishani na mtu.

Koili ikishapita kipimo, zamu ni ya mashine. Ukitoka kukunja koili ya milimita 0.40 ukaingiza ya 0.28 bila kurekebisha nafasi kati ya rola za juu na za chini, migongo haitakaa sawasawa na ukingo utaanza kufanya mawimbi. Koili ikiingia imepinda kidogo kwenye miongozo ya mwanzo, bati zima linatoka na upinde ambao jicho halioni. Mimi hulaza mabati mawili sakafuni, moja nikiwa nimeligeuza kichwa kuwa mkiani, halafu nayasogeza ukingo kwa ukingo. Kama yamepinda, uwazi unajionyesha wenyewe, katikati au mwishoni. Baada ya hapo napandisha mgongo wa mwisho wa bati moja juu ya mgongo wa kwanza wa jingine. Ukilazimika kukanyaga ili likae, fundi aliye juu ya kenchi atalazimika pia, na yeye ana misumari mkononi. Simamisha mashine.

Upana unaofunika, yaani ule unaobaki baada ya bati kupandana na jingine, nao upimwe sehemu tatu, kwa sababu ncha za bati hupenda kutanuka kidogo baada ya kisu kukata. Kisu kikiwa butu utakijua kwa kupitisha kidole chenye glavu: makali yaliyosimama yanakwaruza rangi ya bati la chini yake kwenye rundo.

Urefu usimwachie kompyuta ya mashine peke yake. Kinachohesabu ni kigurudumu kinachobanwa juu ya bati. Vumbi letu la Dodoma likichanganyika na mafuta, kinateleza, na bati linatoka refu kuliko namba inayosomeka. Hapo unagawa chuma bure. Kikichakaa, mzunguko wake unapungua na bati linatoka fupi. Hapo unamwibia mteja. Tepu itumike kwenye bati la kwanza, kila koili inapobadilishwa, na kila umeme unaporudi baada ya kukatika. Bati lililosimama ndani ya rola wakati umeme unakatika mara nyingi hubaki na alama, kwa hiyo liweke pembeni.

Kuhusu kuhifadhi nina moja tu: mvua za Desemba zikianza, rundo lililolowa lisiachwe limebanana. Maji yakikaa kati ya mabati yanaleta kutu nyeupe, hata kama mabati ni mapya kabisa.

Mwisho, kata kipande cha kila koili, kiandike namba ya koili na tarehe, kitunze. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye risiti na upande wa chini wa bati la juu la kila rundo. Fundi akipiga simu kutoka Kondoa akasema, "Kaka, hizi bati zako hazilali," muulize namba kwanza. Ukiwa na kipande mkononi utajua kama ni koili, ni rola, au ni papi zake zimepigwa kombo.