Mombasa hadi Malindi kwa baiskeli usiku: ushauri kwa wanachama wapya

Safari ya usiku ya chama chetu huondoka Mombasa saa nne usiku na kuingia Malindi baada ya jua kuchomoza, mwendo wa takriban kilomita 120 kupitia Mtwapa, Kilifi na Gede. Wanaojiunga kwa mara ya kwanza huuliza sana habari za miguu na pumzi, na ni haki yao kuuliza. Lakini mimi huendesha mkiani, nyuma ya watu wote, na kutoka huko nimeona kwamba wanaoshindwa kufika ni wale wanaonyamaza. Mgeni huona haya kusema kwamba ana njaa, kwamba goti linamuuma, kwamba taa yake imeanza kufifia au kwamba usingizi umemzidi, hivyo hujikaza hadi jambo la kumalizwa kwa dakika tano linasimamisha kundi zima gizani. Mficha maradhi kifo humfichua, na methali hiyo barabarani usiku ni ya kuchukuliwa kwa uzito wake wote. Tafadhali semeni mapema.

Jambo la kwanza la kusemwa mapema ni taa, na linapaswa kusemwa kabla ya siku ya safari. Huko Uingereza wapanda baiskeli huondoka London Jumamosi moja ya Julai iliyo karibu na mwezi mpevu na kwenda hadi ufuo wa Dunwich, kama kilomita 180, katika safari iitwayo Dunwich Dynamo. Usiku wao wa Julai ni mfupi, kwa kuwa jua huzama baada ya saa tatu usiku na kuchomoza karibu na saa kumi na moja alfajiri. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuna usiku wa saa kumi na mbili mwaka mzima, na giza letu huingia upesi, kwa hiyo taa yako itafanya kazi kwa takriban saa nane mfululizo. Usiamini maandishi ya kwenye boksi. Ichaji ijae, iwashe nyumbani kwa mwanga wa kati, kisha iangalie hadi izimike, na kama imezimika kabla ya kutimiza muda wa saa nane, beba betri ya akiba au taa ya pili. Taa ya mbele iinamishwe iangaze lami na isipige macho ya anayekuja. Taa nyekundu ya nyuma iwake bila kumetameta, kwa sababu mwenzako atakuwa akiitazama usiku kucha. Ya kumetameta tumwachie aliye mkiani. Vazi la kuakisi mwanga na helmeti havina mjadala, na asiye navyo hataondoka nasi.

Sisi pia huchagua usiku wa mwezi mpevu au ulio karibu nao, kwa kuwa mwezi huo huchomoza jua linapozama na kukaa angani hadi alfajiri. Kuhusu upepo, kusi hutusukuma kuelekea kaskazini na kaskazi hutukabili usoni, ndiyo maana tunapenda miezi ya Agosti na Septemba, masika yakiwa yamekwisha.

Barabara yenyewe inahitaji heshima. Matuta ni mengi kwenye vituo vya soko, na mengine hayana rangi wala kibao, hivyo aliye mbele akipaza sauti na kusema “Tuta!”, kila mmoja arudie neno hilo hadi limfikie aliye mkiani. Vivyo hivyo kwa shimo, mchanga na gari linalokuja kutoka nyuma. Kazi ya upanuzi wa barabara kati ya Mombasa na Kilifi huleta michepuo na kokoto pasipotarajiwa, kwa hiyo hata anayeijua njia kwa miaka asiiendeshe kwa mazoea. Ukingo wa lami mahali pengi umelika na kuacha kidaraja cha kushuka kwenye mchanga; gurudumu likitoka nje, usilirudishe kwa kulikata ghafla, bali punguza mwendo, shuka kabisa, kisha panda tena palipo sawa. Basi likija na taa kali, tazama mstari wa kushoto wa barabara badala ya kuitazama taa. Kuanzia Matsangoni, kati ya Kilifi na Gede, utakutana pia na watu waliotangulia siku, wakiwa na baiskeli zilizobeba madumu au magunia ya makaa, mara nyingi bila taa. Hao wana haki ya barabara kama sisi, na wanastahili salamu na nafasi.

Tunakwenda wawili wawili pale tu kiongozi aliporuhusu, vinginevyo ni mstari mmoja, na mwendo wetu ni kilomita 18 kwa saa au pungufu. Mwendo huo umepangwa kwa ajili ya aliye dhaifu kuliko wote, na mwenye nguvu akichomoka mbele anaiacha njia bila macho na kundi bila msaada. Naomba wenye miguu mizuri walisikie hili kwa moyo mkunjufu.

Panchari zitakuwepo. Ziko nyingi zinazotokana na nyuzi za chuma za matairi ya malori yaliyopasuka na kuachwa njiani. Uzi mmoja ni mwembamba kama unywele, hupenya tairi taratibu, na ukibadilisha tyubu bila kuutoa, tyubu mpya nayo itaisha upepo baada ya kilomita chache. Toa tairi upande mmoja, pitisha kitambaa chepesi kwa ndani ukizunguka polepole, na pale nyuzi za kitambaa zitakaponasa ndipo palipo na chuma. Usitumie kidole, utajikata. Kivute kwa kibano, zungusha kitambaa tena mara moja, kisha ndipo utie tyubu. Kazi hii ifanyike nje kabisa ya lami, mtu mmoja akimulika na mwingine akisimama nyuma na taa nyekundu. Kila mtu abebe tyubu mbili za kipimo cha tairi lake, kwa maana za wenzako huenda zisikuingie.

Kilifi tunafika karibu na saa nane usiku, na daraja lake, lililochukua nafasi ya feri mwaka 1991, ni mahali ambapo upepo wa ubavuni hukushika, basi shika usukani kwa mikono miwili. Hapo tunakaa na kula. Kula kabla hujasikia njaa: tende, ndizi, viazi karai, mahamri uliyoyafunga tangu nyumbani, na maji yenye chumvi kidogo na ndimu. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mwili hudai kulala kwa nguvu. Dalili zake nazijua kwa kuzitazama kutoka nyuma: mtu anaacha kujibu, kisha mstari wake unayumba. Lala alasiri ya siku hiyo, na usingizi ukikujia njiani, sema. Tutasimama penye taa, utandike leso ulale dakika ishirini, na hakuna atakayekunung’unikia. Gari la huduma lipo nyuma yetu kwa sababu hiyo hiyo, na kulipanda si aibu.

Gede tunasimama kwa swala ya alfajiri na chai ya maziwa. Wanaoswali huenda msikitini, wengine hulinda baiskeli. Kutoka hapo hadi Malindi kumebaki mwendo wa saa moja hivi, na ndipo ajali za kizembe hutokea, kwa kuwa kumepambazuka, matatu zimeanza kazi, na kila mtu anaona amekwisha kufika. Acheni taa ziwake hadi jua lipande.

Mkifika ufuoni, keti kwanza, unywe maji na ule kabla ya kuingia baharini, kwa sababu miguu iliyozunguka usiku kucha hukakamaa na kushikwa na misuli majini. Usirudi Mombasa kwa baiskeli siku hiyo. Kwa watakaorudi kwa basi, patana na kondakta kuhusu nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa kwenye keria, funga usukani usizunguke, na mkifika nyumbani safisheni cheni kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mkaushe na kuipaka mafuta siku hiyo hiyo, maana chumvi ya bahari haingoji kesho.