Mafungu yanajulikana, tuandikieni mali na madeni

Mwambie mzee wa Wete aandike wasia, atakuuliza kama unamtakia mauti. Akishatulia atakwambia mirathi imeshagawiwa na Mwenyezi Mungu, na hapo yuko sahihi. Mume akifa akaacha watoto, mke ana thumuni, yaani moja ya nane, asipoacha, robo. Mtoto wa kiume anapata mafungu mawili kwa moja la wa kike. Nimesimamia mirathi ya baba na baadaye ya ami yangu, na sikuona mtu akigombania hesabu hizo. Magomvi yote yalikuwa juu ya kipi ni mali ya marehemu na nani anamdai.

Kwa hiyo wazee wangu, kabla ya wasia nawaombeni daftari.

Mikarafuu, kwa mfano. Huku Pemba ardhi yaweza kuwa ya mtu na miti ya mwengine, na kila mwenye kujua habari hizo akifa, jirani anajiongezea shina. Ami aliacha daftari la skuli lililoliwa na mende pembeni. Ndani kaandika kwa kalamu ya risasi: Konde, mikarafuu saba nyuma ya kisima, miti yangu, ardhi si yangu, miwili ya mwisho iko rahani. Aliyeishika rahani alipokuja kudai minne, tulimfungulia ukurasa tu.

Madeni ndiyo yanayorukwa. Makaburini tunatangaza "anayemdai marehemu aje kwetu", kisha anayekuja tunamnunia. Utaratibu uko wazi: maziko, madeni, wasia, halafu ndiyo warithi. Na mahari ambayo mume hakuyamaliza ni deni. Mjane anayachukua kwanza, thumuni yake inakuja baadaye, wala asionekane ana tamaa kwa kuyataja.

Wasia wenyewe una mahala pake. Haupiti thuluthi ya mali, wala haumwendei mrithi mpaka warithi wenzake waridhie. Unamfaa yule mjukuu ambaye baba yake alitangulia kufa: ami zake wakiwepo hapati kitu kwa babu, na thuluthi ndiyo mlango wake pekee. Ikiwa unaye mjukuu wa namna hiyo, andika leo, mbele ya mashahidi wawili.

Binti aliyekuuguza unataka abaki na nyumba? Mpe ukiwa hai. Hiba inataka makabidhiano: umempa, amepokea, ameishika, na maandishi yapo. "Nikifa nyumba hii yako" ni wasia kwa mrithi, na kaka zake wakikataa imekwisha.

Sasa karatasi. Wengi wetu tunafia nyumbani na kuzikwa kabla ya alasiri, basi cheti cha kifo hakikumbukwi hadi siku benki inapokiuliza. Anzeni kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwenu, mwende Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, mtoe nakala za kutosha, ile asili isitoke nyumbani ovyo. Kwa mirathi ya Waislamu mtakutana na Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Kote huko kinachokwamisha ni majina. Kitambulisho kina majina matatu, kitabu cha benki kina mawili, na hati ya kiwanja ina lile la utani ambalo mtaa mzima ulimwita. Hayo yarekebisheni mwenyewe akiwa hai, maana yeye akifika ofisini na vitambulisho vyake ni shughuli ya asubuhi moja. Warithi wataapa viapo mpaka wachoke.

Cheti cha ndoa kiwekwe pamoja na hati nyengine, mke ajue kilipo. Yuko kwenye eda miezi minne na siku kumi, si wakati wa kumzungusha maofisini, wala wa kumtilisha saini karatasi asizosomewa.

Jengine nitalisema ingawa najua litaudhi. Fedha zilizomo kwenye simu ya marehemu ni mirathi. Kijana anayejua namba ya siri akazitoa usiku ule ule "za hitima" amechukua mali ya watu, pengine na ya yatima. Sanda na kaburi vinatoka kwenye mali ya marehemu. Wali wa hitima hautoki humo bila ya ridhaa ya warithi, na mtoto mdogo hana ridhaa ya kutoa. Anayetaka kupika, apike kwa mfuko wake.