Ala kumi na mbili, mtu mmoja, igizo la nyimbo: anza na sakafu kwanza

Mwaka juzi mwezi Machi niliitwa Iringa kupiga ala za mdundo kwenye igizo la nyimbo, habari za Mkwawa, yule mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kuanzia vita vya Lugalo 1891 mpaka kifo chake 1898, nikatoka Mbeya na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imejaa vyombo nikiamini kabisa niko tayari. Nimepiga kwaya miaka mingi, tumba, dramu, kayamba, tari, vyote nimevizoea. Ila nataka niwaambie vijana wanaoanza kuitwa kwenye kazi za namna hii, kwamba kilichonitesa kule hakikuwa kupiga, kilichonitesa ni vyombo vimekaa wapi.

Vyombo vyenyewe vilikuwa hivi: tumba mbili, ngoma kubwa mbili za ngozi ya ng'ombe, ngoma ndogo ya ngozi ya mbuzi, marimba, glokenspili (vile vibao vya chuma vinavyolia kama kengele), simbali moja ya kuning'iniza (ile sahani ya shaba), kayamba, manyanga, njuga, tari, kile kichuma cha pembetatu, na filimbi. Aina kumi na mbili. Na nafasi niliyopewa ni mita mbili kwa mbili na nusu, kushoto chini ya jukwaa, kati ya kinanda na ukuta. Marimba peke yake inakula mita moja na nusu, kwahiyo piga hesabu mwenyewe.

Siku ya kwanza nikapanga kama duka. Vya ngozi upande huu, vya chuma upande ule, vya kutikisa vyote mezani, ukiangalia unafurahi mwenyewe. Tukaanza mazoezi, wimbo wa tatu unataka kayamba, alafu hesabu nane tu, glokenspili, alafu hapo hapo ngoma kubwa. Mwendo ulikuwa mapigo 120 kwa dakika, maana yake hesabu nane ni sekunde nne, na ndani ya hizo sekunde nne mi natakiwa niweke kayamba chini bila kelele, nizunguke tumba, nichukue vijiti vya glokenspili, nitafute nota ya kwanza. Nikachelewa. Tukarudia, nikachelewa tena. Mwalimu aliyekuwa anaongoza akasimamisha watu wote.

"Kaka, mbona kila tukifika hapa hupo?"

"Nakimbia mwalimu, ni mbali."

"Sasa usikimbie, sogeza vyombo."

Usiku ule pale gesti Kihesa nikakaa na kitabu cha nota nikafanya kitu ambacho nilitakiwa nikifanye nikiwa bado Mbeya. Nikapitia wimbo mmoja mmoja mpaka mwisho, kila ninapobadilisha chombo naandika pembeni: nini kinatoka mkononi, nini kinaingia, nina sekunde ngapi. Basi. Sikuangalia aina ya chombo wala muonekano. Nilipomaliza nikaona kumbe glokenspili na ngoma kubwa, ambazo nilikuwa nimezitenganisha kabisa, zinafuatana mara tisa kwenye igizo lote, na tumba mbili ambazo nilikuwa nimeziweka katikati kama mfalme zinatumika nyimbo nne tu na kila mara nina muda wa kutosha kuzifuata. Nikasogeza kitanda, nikachukua masking tepu nikachora pale chini kwenye sakafu umbo la kila chombo kwa ukubwa wake halisi, nikasimama katikati mikono mitupu nikaanza kupiga igizo zima hewani huku naimba kimoyomoyo. Pale mguu unapokanyaga umbo la chombo kingine, nabandua tepu nahamisha. Mpaka saa saba usiku hivi ikakaa.

Na ndo ushauri wangu mkubwa huu: panga kwa kufuata safari ya mikono yako, na ipange sakafuni kabla hujabeba kitu chochote kizito. Tepu ni rahisi kuhamisha, marimba utaihamisha mara mbili ya tatu umechoka unasema basi ikae tu hapo hapo.

Kuna kitu cha pili nilikigundua usiku ule, kwamba chombo kidogo kinachohitajika sehemu mbili kiwe viwili. Kayamba nilinunua ya pili, haikuwa nzuri kama ya kwanza ila ilikuwa upande wa kulia na ile nzuri upande wa kushoto, tatizo likaisha. Vijiti hivo hivo. Usitembee na jozi moja ya vijiti ukihama nayo kutoka chombo kwenda chombo, kila chombo kiwe na vijiti vyake vinakingoja, vigumu kwa glokenspili, vya mpira laini kwa marimba, vya kitambaa kwa simbali ukitaka ipande taratibu.

Na vyombo vyote viwe kwenye kimo kimoja. Tumba nilizoea kupiga nimekaa, kule nikaziinua kwenye fremu ya bomba aliyonichomelea fundi mmoja wa Mwanjelwa pale Mbeya, nikapiga nimesimama kila kitu, maana ukikaa ukainuka mara ishirini kwa usiku mmoja, na mvua na baridi ile ya Machi, magoti yanakwambia.

Sasa niwaambie la njuga, maana hili linaniuma mpaka leo. Ilikuwa onyesho la pili. Kwenye igizo, baada ya Kalenga, ngome ya Mkwawa, kuanguka, 1894 ile, kuna dada anaimba kilio peke yake, hakuna kinanda, hakuna ngoma, ukumbi kimya kabisa. Mi nilikuwa nimemaliza kupiga njuga wimbo wa nyuma yake nikaziweka mezani, meza ya mbao tupu, imeinama kidogo mbele kwasababu sakafu yenyewe haiko sawa. Zikaanza kuteleza polepole naziona, nikanyoosha mkono sikuwahi, zikadondoka kwenye saruji. Dada aliyekuwa anaimba alikata katikati ya neno. Alimalizia vizuri sana, Mungu ambariki, ila kile kilio alikuwa amekijenga dakika tatu nzima na mi nikakivunja kwa kitu cha nusu kilo. Baada ya onyesho nilimfuata nikamwomba msamaha, akasema "haina shida kaka", ila niliona macho yake.

Asubuhi yake nikaenda mitumbani nikanunua mataulo mawili mazito, yale manene kabisa, nikayatandika mezani na kuyagongelea misumari kwa chini, na seremala akanizungushia ubao mwembamba ukingoni pande zote nne, kimo cha vidole viwili hivi. Tangu hapo nikiweka tari juu ya ile meza husikii kitu, hata zile sahani zake ndogo hazilii. Kama una hela ya kununua kitu kimoja tu kabla ya kazi yako ya kwanza, nunua taulo. Na tari usiiweke kwa kuilaza kwa mkono mmoja, iweke ukingo kwanza, alafu ishushe taratibu mpaka ilale.

Ngozi nazo. Nota zetu kwenye baadhi ya nyimbo zilikuwa zimeandikwa kwa timpani, zile ngoma kubwa za shaba zenye kanyagio la kubadilisha sauti, kwa kawaida jozi ya inchi 26 na 29, na huku kwetu utazipata wapi. Tukatumia ngoma mbili za ngozi ya ng'ombe, moja imekaa chini moja juu, zielewane na kinanda. Mchana zinaelewana vizuri. Usiku ukumbi umejaa, mvua inanyesha, milango imefungwa, watu wameingia na makoti yamelowa, wanapumua, ngozi inakunywa ule unyevu wote inalegea, sauti inashuka, na kinanda hakishuki, kwahiyo kipindi cha pili ngoma zinalia kivyake na kinanda kivyake.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja mpiga ngoma wa upande wa Kalenga huko, alikuwa anapiga kwenye kundi la ngoma za asili lililokuwa ndani ya igizo. Nilimkuta nyuma ya ukumbi na jiko la mkaa.

"Kamwene baba, shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, ukishaisikia imelegea umechelewa. Ipashe kabla."

Akanionyesha. Ngoma inasimamishwa ubavu, ngozi inatazama jiko lakini kwa mbali, kama urefu wa mkono, unaizungusha kidogo kidogo na kiganja chako kiko juu ya ngozi muda wote, kiganja kikishindwa kuvumilia joto ujue na ngozi haivumilii, itapasuka. Unagonga kwa ncha za vidole ukingoni, siyo katikati, unazunguka, unasikiliza pale ambapo bado pamelegea unaparudisha kwenye joto. Aliipandisha juu kidogo ya sauti tunayoitaka, kwasababu alijua ukumbi utaishusha. Mi nilikuwa naipasha mpaka sawasawa kabisa na kinanda, ndo maana ilikuwa inanisaliti dakika ya ishirini. Tukakubaliana pasha kabla, pasha tena mapumziko, na zile ngoma zikawa ndo kitu cha kwanza kutoka kwenye kirikuu na cha mwisho kuingia.

Mengine niyapitie haraka. Kitabu cha nota kiweke ambapo ukikiangalia unamuona na muongozaji kwa juu yake bila kugeuza shingo, na kurasa za marimba toa kopi uziweke kwenye stendi ya pili, maana kwenye marimba macho yako chini. Kurasa ambazo huna mkono wa kufungulia zigundishe kwenye boksi tatu tatu zikae wazi. Nusu ya maingilio yangu hayakutoka kwa muongozaji, yalitoka kwenye maneno ya waigizaji, kwahiyo niliandika maneno matano ya mwisho ya mwigizaji juu ya nota, kwa kalamu nyekundu. Taa ndogo ya stendi iwe na kikofia isiwapige watazamaji. Maiki moja juu ya marimba na glokenspili inatosha, ngoma kubwa chini ya bati haihitaji maiki, ila siku mvua ikichapa kwelikweli kwenye bati mwambie fundi saundi mapema apandishe vyote.

Kule London na New York mara nyingi mpiga dramu ni mmoja na mpiga ala nyingine za mdundo ni mwingine, kila mtu na kitabu chake, na bendi inakaa kwenye shimo mbele ya jukwaa. Sisi vitabu vyote viwili anapewa mtu mmoja pembeni ya ukuta, ndo maana nakazania sana hili la sakafu.

Ukishapanga ikakaa, piga picha kwa simu ukiwa umesimama juu ya kiti, na acha tepu chini mpaka onyesho la mwisho, watu wa usafi wataibandua usipowaambia. Na kwenye kirikuu ngoma za ngozi zipakie mwisho, juu ya vyote, umezifunika turubai, ili mkifika zishuke kwanza zikaote moto wakati nyie mnashusha marimba.