Noah ya kiti cha magurudumu: pima kwanza

Pole kwa kumuuguza mama, dada yangu. Umeuliza kama Noah ya Japani ya watu wenye ulemavu itamfaa kwa safari zenu za kliniki, Tukuyu hadi Mbeya mjini. Itamfaa, ila uliza ni ya aina gani. Toyota huziita Welcab, na si zote zinabeba kiti cha magurudumu. Nyingine zina siti tu inayozunguka na kushuka mlangoni, kwa hiyo mama bado atanyanyuliwa. Tafuta yenye rampu au lifti nyuma, aingie akiwa amekaa.

Mkalishe kwenye kiti chake, pima kutoka chini mpaka utosini, kisha linganisha na kimo cha mlango wa nyuma. Sisi hatukupima. Baba alisafiri ameinamisha kichwa, akafika Uyole shingo imekakamaa, na mpaka leo naumia nikikumbuka.

Kiti kifungwe sakafuni kwa mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma. Mama naye awe na mkanda wake, wa begani na kiunoni. Breki za kiti peke yake hazitamshika kwenye mteremko wa kutoka Isongole. Kagua mwenyewe kabla dereva hajawasha gari, hata akikuona msumbufu.

Gari za rampu mara nyingi sakafu yake imeshushwa, kwa hiyo tumbo la gari liko karibu na ardhi. Kama njia ya kwenu ni ya tope masika, chukua ya lifti.