Kabla hujanunua klachi ya pikapu, isome kwanza ile kuukuu

Pikapu yangu ni Hilux ya dizeli, na mkate wake inautafuta mlimani. Inapanda Amani kufuata iliki na mdalasini, na msimu wa machungwa ukifika inazunguka vijiji vya Muheza kabla ya kuteremka Tanga mjini na mzigo. Barabara ya Muheza kwenda Amani inakutoa nyanda za chini na kukufikisha karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, na njiani zipo kona ambazo lazima usimame, umpishe mwenzio, kisha uondoke tena kwenye mwinuko. Mwenye gari la kazi ya namna hii, klachi atabadilisha tu. Nimeshabadilisha, nimeshasimamia za ndugu na majirani, na kama kuna jambo moja ningependa kila mwenye pikapu alijue ni hili: usilipie klachi mpya kabla ile iliyomo haijashushwa na wewe mwenyewe hujaishika mkononi.

Wengi wetu tunakwenda kinyume. Gari ikianza kuteleza, mtu anaingia duka la spea Ngamiani, anaomba "klachi ya Hilux", anapewa boksi, ndipo anamtafuta fundi. Lakini Hilux ipi? Jina hilo limebeba injini za 2L, 3L, 5L, 1KD na nyinginezo. Tazama 5L na 1KD tu. Kwa ukubwa zinakaribiana mno, sentimita za ujazo 2,986 kwa 2,982, ila 5L inatoa nguvu ya mzunguko ya takriban niutoni-mita 200, na 1KD yenye tabo ikafikia 343. Klachi iliyotengenezwa kwa ile ya kwanza haiwezi kuvumilia kazi ya hii ya pili. Halafu pikapu zetu nyingi zimeshawahi kubadilishwa injini au giaboksi mikononi mwa wenyewe wa zamani, kwa hiyo hata kadi ya gari inaweza isikwambie ukweli wote. Klachi kuukuu ndiyo inayojua gari lina nini ndani.

Kwanza lakini hakikisha kweli ni klachi. Kama injini inapiga kelele ya kupanda mzunguko huku gari haliongezi mwendo mlimani, hasa ukiwa gia kubwa na mzigo, hapo klachi inateleza. Kama tatizo ni gia kugoma kuingia na pedeli kuzama, angalia mafuta ya klachi, masta silinda (ile pampu ya pedeli) na ile silinda ndogo ya chini kabla hujagusa giaboksi. Mlio nao una lugha yake: ukikanyaga pedeli mlio ukaja, mshuku rilisi beringi (ile inayosukuma klachi iachie), ukikanyaga mlio ukapotea, mara nyingi ni beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Ya mwisho hiyo hata ufunge klachi ya dhahabu haitanyamaza.

Sasa giaboksi imeshuka. Omba klachi pleti, yaani ile sahani ya kukamata, uiweke mezani penye mwanga. Pima upana wake kwa rula, ukingo hadi ukingo, na uandike kwa milimita. Hesabu meno ya katikati, pale inapoingia shafti, na upime upana wa tundu lenyewe, kwa sababu pleti mbili zinaweza kulingana kwa nje zikatofautiana hapo katikati. Kisha zitazame ribiti, zile pini zinazoshikilia uso wake wa kukamatia. Kitabu cha Toyota kinataka kichwa cha ribiti kiwe kimezama angalau milimita 0.3 chini ya uso wa pleti; zikianza kulingana na uso zinakwangua flaiwili, lile gurudumu zito la injini ambalo pleti inalikamata. Zitikise spiringi za katikati kwa kidole. Zikilegea na kugonga, ndiyo sababu gari lilikuwa linashtuka wakati wa kuondoka.

Halafu nusa. Pleti iliyoungua tu inakuwa kavu, imeng'aa kama kioo. Iliyolowa mafuta inakuwa na weusi unaonata, na hapo usiondoke bila kujua mafuta yametoka wapi. Oili nyeusi ya injini inamaanisha sili (mpira wa kuzuia oili) ya nyuma ya kranki, shafti kuu ya injini, inavuja. Oili nzito yenye harufu kali ni ya giaboksi. Sili ni kitu cha bei ndogo, lakini ukiiacha, klachi mpya italowa vilevile na utalipia kushusha giaboksi mara ya pili. Hili linaniuma sana ninapoona mtu wa kipato cha kubangaiza anaambiwa na gereji "sili tutaiona baadaye". Baadaye haipo. Sili ibadilishwe siku hiyohiyo.

Gharama hiyo ya ufundi ndiyo inayonifanya nisimame kwenye seti nzima: pleti, presha pleti inayoibana pleti kwenye flaiwili, na rilisi beringi, pamoja na ile beringi ndogo inayokaa katikati ya kranki. Wapo watakaokushauri ubadilishe pleti peke yake kwa kuwa presha "bado inabana". Zitazame zile ncha za vidole vyake vya chuma. Zikiwa zimelika mfereji, spiringi yake nayo imeshachoka. Na kama gari ni foo-wili, yenye transifa (boksi la kugawa nguvu mbele na nyuma) na propela mbili za kufungua, hesabu ya kuokoa beringi moja haina maana kabisa. Klachi ya kukatwa kwenye gari bovu mimi siitaki kwa sababu hiyohiyo: ufundi utaulipa uleule, na maisha yaliyobaki kwenye ile pleti huyajui.

Flaiwili nayo isisahaulike. Ikiwa na madoa ya bluu au nyufa nyembamba, imepata joto kupita kiasi. Ya chuma kimoja inaweza kupelekwa karakana ikachongwa uso, ilimradi isiwe imeliwa sana. Pikapu nyingi za dizeli za miaka ya karibuni, Ford Ranger zikiwemo, zina flaiwili ya vipande viwili yenye spiringi ndani. Hiyo usiipeleke kuchongwa kama ile ya kawaida. Ikilegea inabadilishwa, na ni ghali, kwa hiyo iulizie mapema.

Swali ninaloulizwa zaidi na wabeba mzigo ni kuhusu klachi ngumu, zile zenye vipande vya seramiki. Zinakamata kweli, na joto zinalistahimili. Lakini zinakamata kwa ghafla, pedeli inakuwa nzito, flaiwili inalika upesi, na ukiwa kwenye kona ya Amani unataka kuondoka polepole na gunia za watu nyuma, gari linaruka. Kwa pikapu inayobeba uzito wake wa kawaida nashauri pleti ya kawaida ya kampuni nzuri, kwa kipimo cha kiwandani. Ukiwa unabeba mzigo mzito kila siku, tafuta presha yenye nguvu kidogo zaidi huku pleti ikibaki ya aina ileile. Aisin na Exedy ni majina ninayoyaamini, Aisin ikiwa ni ya ukoo wa Toyota wenyewe. Ila boksi lina jina, ndani kunaweza kuwa na kitu kingine. Fungua mbele ya muuzaji, linganisha na ile kuukuu uliyokuja nayo, na mkubaliane kurudisha kama haikuingia.

Gereji, kabla giaboksi haijapandishwa, ichomeke pleti mpya kwenye shafti kwa mkono. Iteleze mbele na nyuma bila kukwama wala kuyumba. Mwambie fundi ayasafishe mafuta ya kiwandani kwenye uso wa presha, aisenti pleti (aiweke katikati sawasawa) kwa shafti yake, na bolti azikaze kwa msalaba kidogokidogo.

Wiki za mwanzo endesha mjini, Chumbageni hadi Raskazone, Mabawa hadi sokoni, mzigo ukiwa mwepesi, ili pleti na flaiwili zizoeane uso kwa uso. Mlimani, ukisimama, vuta hendibreki. Gari lisishikiliwe kwa klachi. Mzigo kamili wa Amani uusubirishe mpaka pedeli imekaa mahali pamoja na harufu ya upya imekwisha.